Kutoka Zariba hadi Leseni: Biashara ya Bunduki katika Nchi ya Arua na Koboko

Wanafunzi wetu wanapokutana na maneno bunduki, baruti na risasi, huelezwa kwamba yametufikia kwa njia ya Kiarabu, kisha somo huendelea. Neno leseni, ambalo huyatawala yote hayo, limetoka kwa Waingereza, na ni nadra kusimuliwa habari zake. Katika Arua na Koboko, magharibi ya Mto Nile, neno hilo lilichelewa kufika. Bunduki zililitangulia kwa zaidi ya nusu karne.

Katika miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Khartoum walipanda mto wakitafuta pembe za ndovu. Walijenga zariba, yaani boma la miiba, lililokuwa nyumba, ghala na ngome kwa pamoja. Mwenye zariba alilala karibu na baruti yake, wala hakumwomba mtu ruhusa ya kuiuza au kuitumia. Bunduki yenyewe ndiyo ilikuwa ruhusa yake, na kwayo aliteka ng'ombe na watu pia. Baadaye Emin Pasha aliweka makao yake Wadelai, akiwa na askari wa serikali ya Misri. Alipoondoka mwaka 1889 pamoja na Stanley, wengi wa askari hao walibaki na silaha zao, na mwaka 1891 Lugard akaja kuwaandikisha. Wazao wao ndio Wanubi, na Kinubi chao, ambacho ni tunda la kambi zile, husikika hadi leo Arua, Koboko na Bombo.

Wakati huo huo Wazungu walikuwa wamekutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 wakatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Vifungu vyake vya silaha vyafaa kusomwa kwa makini. Bunduki za kisasa zilipigwa marufuku katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoingia ziliwekwa katika ghala la serikali. Aliyeruhusiwa kumiliki alipewa kibali chenye jina lake na alama iliyopigwa juu ya silaha, kwa muda wa miaka mitano, nacho kiliweza kufutwa akikitumia vibaya. Bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa. Kwa maoni yangu, huo haukuwa upole: mwenyeji aliachiwa silaha dhaifu, na ile kali ikabaki kwa mwenye karatasi.

Hata hivyo, karatasi hiyo haikuwa na nguvu Arua na Koboko. Nchi ilikuwa katika eneo la Lado, ambalo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipangishwa na Uingereza mwaka 1894. Alipofariki Desemba 1909, na eneo kukabidhiwa Sudan mwaka 1910, wawindaji wa ndovu walimiminika, miongoni mwao Mwingereza John Boyes. Serikali moja ilikuwa inaondoka na nyingine haijakaa kitako. Nani angeidai leseni?

Utawala wa Uganda ulianza mwaka 1914, Weatherhead akiwa mkuu wa wilaya wa kwanza, Arua ikiwa makao yake. Watu walikwisha kuona nguvu ya risasi. Ndiyo maana maji ya Yakan, yaliyoenezwa na Rembe, mganga wa Kikakwa, yalipata wafuasi wengi: aliyeyanywa aliamini kwamba risasi haitamdhuru. Ghasia zilizuka mwaka 1919, nazo zikazimwa kwa bunduki.

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 ilitenganisha mambo mawili: mwenye bunduki lazima awe na cheti, na mwenye kuiuza lazima awe na leseni ya muuzaji. Miaka tisa baadaye jeshi la Idi Amin lilivunjika, na askari wengi wakakimbia kupitia Arua na Koboko kuingia Sudan na Zaire pamoja na silaha zao. Vikundi vya waasi viliendelea kuwepo hadi mapatano ya Yumbe, Desemba 2002.

Aprili 2004 nchi za eneo letu zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi. Yadai kila silaha ipigwe alama itakayoonyesha nambari yake na nchi ilikoingia, jambo lililokwisha kuandikwa Brussels mwaka 1890.