Misemo ya Kichina kuhusu kazi

Misemo ya Kichina kuhusu kazi ni semi ambazo wasemaji wa Kichina hutumia kuzungumzia ajira, bidii, uvivu na ujira. Za kale nyingi ni *chengyu*, ambazo aghalabu huwa na herufi nne. Za leo huzuka ofisini na mtandaoni.

Bidii na ustahimilivu

*Yugong yi shan*, "mzee mpumbavu ahamisha milima", ni ngano ya kitabu cha *Liezi*. Mzee aliazimia kuondoa milima miwili iliyoziba njia ya nyumbani kwake. Alipochekwa, alijibu kwamba wajukuu na vitukuu wangeendelea kuchimba. Kiongozi wa Wakomunisti wa China, Mao Zedong, aliitumia ngano hiyo katika hotuba ya mwaka 1945. *Chi ku*, "kula uchungu", ni kuvumilia taabu, na kwa mfanyakazi ni sifa.

Ajira ya serikali na soko

*Tie fanwan*, "bakuli la wali la chuma", ni ajira ya kudumu ya serikali, iliyoandamana na nyumba na matibabu. Katika miaka ya 1990 mageuzi ya mashirika ya umma yaliwapokonya mamilioni ya watu bakuli hilo. Kupunguzwa kazini kwa namna hiyo kuliitwa *xiagang*. Walioacha kazi za serikali kwa hiari yao ili wafanye biashara walielezwa kwa msemo *xia hai*, "kuingia baharini".

*Chao youyu*, "kukaanga ngisi", ni kumfukuza mtu kazi, yaani kumfanya amwage unga. Kipande cha ngisi kikiingia kikaangoni hujikunja, kama kibarua aliyelala kwa tajiri wake anavyokunja matandiko ili aondoke. Msemo huu unatokana na Kikantoni. Mfanyakazi anayeacha kazi mwenyewe naye husemwa "amemkaanga bosi ngisi".

Karne ya 21

*996* ni kufanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku (9 hadi 9 kwa hesabu ya saa ya Kichina), siku 6 kwa wiki. Mwaka 2019 Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, aliuita utaratibu huo *fubao*, "baraka", akashambuliwa vikali. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Watu ya China ilisisitiza kuwa ni kinyume cha sheria. Vijana hujibu kwa misemo yao: *neijuan*, ushindani unaochosha wote bila faida, *mo yu*, "kupapasa samaki", yaani kutega kazini, na *tang ping*, "kujilaza chali", uliovuma mwaka 2021 kwa maana ya kugoma kukimbizana na vyeo. Wengine hulirudia bakuli la chuma: mamilioni hujisajili kila mwaka kwa mtihani wa utumishi wa umma.