Wanaume waliopika kwa mshahara

Mwaka 1928 mtoto wa mfalme wa Uingereza, Edward, alialikwa chakula cha usiku katika shamba la kahawa la Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong. Mpishi alikuwa Kamante Gatura, kijana wa Kikikuyu aliyefundishwa mapishi ya Ulaya na mwenye shamba. Mwanamume jikoni halikuwa jambo la ajabu. Nairobi, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, watumishi wa Wazungu walikuwa wanaume: mpishi, boi wa nyumba, dobi, shamba boi. Mwanamke aliajiriwa zaidi kuwa yaya.

Kodi ndiyo iliyowasukuma wanaume hao. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba upande wa Tanganyika mwaka 1897, na Waingereza upande wa Kenya mwaka 1901. Fedha ilibidi itafutwe, na waliotumwa kuitafuta mijini ni wanaume. Wazazi hawakutaka binti zao waende huko, wala serikali ya kikoloni haikutaka familia za Waafrika zijikite mjini.

Boi aliamka kabla ya alfajiri, akawasha jiko la kuni, akachemsha maji ya kuoga, akapeleka chai chumbani. Kutwa alifagia, akafua, akanyoosha mashuka kwa pasi ya mkaa. Jioni alivaa kanzu nyeupe akaandaa meza. Alilala kibanda cha uani. Akiacha kazi aliomba barua ya sifa, na kwa barua hiyo akapata tajiri mwingine. Ulikuwa ufundi kamili. Kwa ujira wake watu walilipa mahari, wakajenga, wakasomesha watoto.

Kijijini mkewe alipika na kufua bila senti moja, tena akabeba na kazi za mume asiyekuwepo: kufyeka, kulima, kuangalia mifugo. Mume akirudi likizo hakugusa sufuria. Alitengewa maji na chakula, na wazee wangeshangaa kumwona akiinjika ugali. Ujuzi alikuwa nao tele. Ila nyumbani kwake hapakuwa na mshahara.

Uhuru ulipokuja, viwanda, bandari na ofisi ziliwafungulia wanaume kazi bora. Familia za Kiafrika zilizoanza kuweka watumishi zilichukua wasichana kutoka vijijini, mara nyingi mtoto wa ndugu, kwa malipo kiduchu au kwa ahadi ya kusomeshwa ambayo wengi hawakutimiziwa. Leo tunaambiwa kazi za ndani ni za kike tangu enzi na enzi. Si kweli, na wajukuu wa wapishi wale wanapaswa kuwa wa kwanza kulikataa dai hilo.

Basi mzazi, mfundishe mwanao wa kiume kupika, kufua na kupiga deki. Na msichana unayemwajiri, mlipe kama fundi, kwa wakati, na umpe siku yake ya kupumzika.