Maji ni Haki ya Mtu, Sio ya Taito

Wasee, kuna stori ya 2010 ambayo wengi wetu hatukufunzwa shule. Tarehe 28 Julai, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kule New York lilipigia kura azimio la kutambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zikakubali. Hakuna iliyopinga, lakini 41 zilikataa kuchagua upande. Kenya ilikuwa kati ya hizo 41.

Wiki moja baadaye, 4 Agosti, Wakenya wakapiga kura yao, wakapitisha Katiba mpya. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Serikali ilinyamaza ugenini, mwananchi akasema nyumbani.

Kwa nini ilibidi iandikwe? Turudi nyuma kidogo. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Mkoloni alimwona Mwafrika kama kibarua wa kupita, kazi ikiisha arudi kwao mashambani. Sasa mtu wa kupita unamwekea bomba jikoni ya nini? Mitaa ya Wazungu ikapata maji ndani ya nyumba. Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa miaka ya 1920, watu wakapanga foleni kwenye mifereji ya pamoja.

Uhuru ukaja. 1974 serikali ikaahidi kwamba kufikia 2000 kila nyumba itakuwa na maji karibu. 2000 ikafika, ikapita. 2002 ikaja Sheria ya Maji mpya, na usambazaji ukaenda kwa kampuni zinazotarajiwa kujilipia kwa bili. Tangu hapo, swali kubwa likawa: hawa watu watalipa?

Leo ukitaka kuunganishiwa maji, mara nyingi utaulizwa karatasi za ploti. Mpangaji hana. Anayeishi mtaa ambao ardhi yake haijapimwa hana. Lando anazo, lakini yeye hana haraka. Kwetu mfereji ukikauka, mtungi wa lita 20 ni bob 20. Piga hesabu: lita 1,000 ni mitungi 50, hiyo ni shilingi 1,000. Mwenye bomba analipa sehemu ndogo sana ya hiyo pesa. Yaani asiye nacho ndiye ananunua maji ghali.

Sasa sikiza sheria inasema nini. Katiba imesema "kila mtu", haikusema kila mwenye taito. Sheria ya Maji ya 2016 inaongeza kwamba hakuna mtu wala jamii itakayonyimwa huduma ya maji kwa sababu tu kuwahudumia hakuleti faida. Halafu kuna Kifungu cha 20(5), hicho ndicho kitamu: Serikali ikidai haina pesa ya kutimiza hii haki, ni kazi yake kuthibitisha kwamba pesa haiko. Sio kazi yako kuthibitisha iko.

Ni kweli, Katiba inakubali haki hii itimizwe hatua kwa hatua. Lakini hatua lazima zionekane. Kukaa pale pale miaka nenda miaka rudi sio hatua.

Tangu 2013 huduma ya maji iko mikononi mwa kaunti, na kaunti lazima isikize umma kabla ya kupitisha bajeti. Hivyo vikao huwa vimejaa wazee, sisi hatuendi. Twende. Tuulize maswali mawili tu: bomba la mtaa wetu liko hatua gani, na litafika lini? Na wakisema pesa hakuna, tuwaombe watuonyeshe.