Upakaji wa dawa kwa kaboni dioksidi nzito

Upakaji wa dawa kwa kaboni dioksidi nzito ni mbinu ya kufunika chembe za dawa, na mara chache vidonge vizima, kwa utando mwembamba wa mafuta magumu, nta au polima, ambapo gesi iliyoshindiliwa huchukua nafasi ya maji, alkoholi na hewa ya moto inayotumika viwandani. Kaboni dioksidi ikivuka nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la baa 74 hivi, huingia katika hali inayoitwa hapa nzito, ambapo haiwi tena gesi wala kimiminika: huyeyusha vitu kama kimiminika, hupenya kama gesi, na shinikizo likishushwa huondoka bila kuacha mabaki. Mwaka 1879 Hannay na Hogarth, waliotumia alkoholi badala ya kaboni dioksidi, walionyesha kwamba yabisi iliyoyeyushwa katika hali hiyo hudondoka kama theluji shinikizo linapopungua.

Katika njia iliyo nyepesi zaidi, chembe za dawa na mafuta magumu hukorogwa ndani ya chombo cha chuma, gesi huingizwa mpaka mafuta yayeyuke, kisha shinikizo hushushwa polepole ili mafuta yagande juu ya kila chembe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Ufaransa waliipaka hivyo albumini, protini ambayo joto kali huiharibu. Polima nyingi haziyeyuki katika kaboni dioksidi. Kwa hizo gesi hutumika kulainisha polima yenyewe, au kuvuta kiyeyushi chake ili ibaki juu ya dawa.

Faida ya kupaka chembe badala ya kidonge huonekana wazi mahali kama Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara nchini Uganda, ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku. Mama akikisaga kidonge cha mtu mzima kati ya vijiko viwili ili mtoto amudu kumeza, utando wa nje huvunjika na uchungu wote hutoka, na mtoto hutema. Chembe iliyofunikwa moja moja hubaki na utando wake. Dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini, ambayo utafiti uliofanyika Mbarara na kuchapishwa mwaka 2005 uliiona ikiponya zaidi ya asilimia 97 ya wagonjwa hata walipoimeza nyumbani bila kusimamiwa, ilipata mwaka 2009 kidonge cha watoto kinachoyeyuka majini, chenye ladha ya cheri.

Hata hivyo kwa dawa za jamii hii mbinu ina kikwazo kikubwa: artemisinini, ambayo artemetha hutengenezwa kutokana nayo, huyeyuka vizuri katika kaboni dioksidi nzito, kiasi kwamba gesi hiyo hutumika kuikamua kutoka kwenye majani ya pakanga, hivyo gesi inayoleta utando inaweza kuondoka na dawa yenyewe. Lumefantrini nayo hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa hiyo utando wowote unaochelewesha kuyeyuka kwake tumboni lazima upimwe kwanza kwenye damu ya mgonjwa, hata kama ulimi umeukubali.