Safari ya Tiketi ya Kwenda Tu: Wanaume Sita Waliovuka Greenland kwa Ski

Kila kundi la marafiki lina mtu mmoja wa kuja na wazo la safari ya ajabu. Wengine wanacheka, wengine wanasema "tutaona", na mambo yanaishia hapohapo. Kwa jamaa mmoja wa Norway hayakuishia hapo. Mwaka 1888 alikuwa na miaka 26, anafanya kazi kwenye makumbusho mjini Bergen, na alitaka kuvuka Greenland kwa ski, zile mbao mbili ndefu nyembamba za kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji.

Wazo lilimwingia 1883. Msafara wa Sweden uliingia kwenye barafu ya Greenland ukakwama, lakini Wasami wawili waliokuwemo wakasonga mbele kwa ski, wakarudi wakisema huko ndani theluji inatelezeka vizuri. Wasami ni watu wa kaskazini kabisa mwa Ulaya, na ski kwao ni kama baiskeli kijijini.

Serikali ya Norway ikamnyima fedha. Aliyetoa ni mfanyabiashara wa Copenhagen, Denmark. Gazeti moja la vichekesho nalo likamtungia tangazo: onyesho la ski Greenland, viti maalumu ndani ya nyufa za barafu, tiketi ya kurudi haihitajiki!

Watu walicheka, ila utani ule uligusa penyewe. Waliomtangulia walianzia magharibi, kwenye watu na chakula. Mambo yalipokaza, wakageuka. Yeye akapanga kuanzia mashariki, ambako makazi yalikuwa karibu hakuna. Meli ikishawashusha, inaondoka. Chakula na nyumba viko ng'ambo tu. Ukirudi nyuma, umekwisha.

Timu ilikuwa ya watu sita: Wanorway wanne na Wasami wawili waliokuja kwa malipo. Mmoja wa Wasami hao ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, ana mke na watoto nyumbani.

Tarehe 17 Julai wakaiacha meli na kuingia kwenye mashua zao mbili. Mkondo wa bahari ukawanasa kati ya mabonge ya barafu, ukawabeba kusini kwa zaidi ya siku kumi, mbali na walikokusudia. Wasami wale wawili wakajikunja chini ya turubai wakisoma Agano Jipya kwa lugha yao. Waliamini hawataiona tena nyumbani. Mpango ulikuwa wa mtu mmoja, ila hofu iliwafika hata ambao hawakuupanga.

Walipofika nchi kavu, ikabidi wapige makasia kurudi kaskazini. Kupanda barafu kulianza 15 Agosti, wakiburuta sleji, yaani mikokoteni isiyo na magurudumu. Mengine yalipangwa vizuri sana: mifuko ya kulalia ilikuwa miwili tu, kila mmoja wa watu watatu, wapashane joto. Na ilihitajika, maana usiku baridi ilishuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Upepo ulipokubali, walifunga matanga kwenye sleji na kusukumwa nao.

Lakini kosa moja liliwatesa. Nyama yao iliyokaushwa na kusagwa ilikuwa imetolewa mafuta, na kwenye baridi ile mwili unalilia mafuta kuliko kitu chochote. Wakala, na bado wakabaki na uchu usioisha. Siagi ikawa kitu cha kupimiana.

Mwisho wa Agosti, msimu ukiwa unawakimbia, kiongozi akabadili njia na kuelekea Godthaab, mji unaoitwa Nuuk leo. Walipofika kwenye maji upande wa magharibi, wakaunda kimashua kwa turubai na matawi ya miti. Wawili wakapiga makasia hadi mjini, wakafika 3 Oktoba. Wenzao wanne wakafuatwa baadaye. Hakuna aliyekufa.

Meli ya mwisho ya mwaka haikuwezekana kuipata, hivyo wakakaa huko majira yote ya baridi. Mei 1889 wakapokelewa Norway na umati mkubwa ukishangilia.

Sasa wewe mdau, mtu wa mawazo ya ajabu kwenye kundi lako unamjua. Akikwambia safari hii haina kurudi nyuma, unapanda, au unauliza kwanza kuhusu mafuta?