Leseni, Siku na Kitalu: Historia ya Gharama za Uwindaji wa Kuongozwa katika Afrika Mashariki

Uwindaji wa kitalii, yaani uwindaji wa mgeni anayelipia leseni, kiongozi na huduma za kambini ili apate nyara kama vile pembe, ngozi au fuvu la mnyama mkubwa, haujawahi kuwa wa gharama nafuu katika Afrika Mashariki, lakini kupanda kwa gharama zake tangu mwisho wa karne ya 19 hakuelezwi na uhaba wa wanyama peke yake. Hata zamani tembo na simba walipokuwa wengi kuliko sasa, mgeni alitoa fedha nyingi, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa bei ya mnyama bali bei ya ruhusa: kwanza ruhusa ya kufyatua risasi, baadaye ruhusa ya kukaa porini kwa idadi fulani ya siku, na hatimaye ruhusa ya kulitumia pori bila mshindani. Kila ruhusa mpya iliyobuniwa na dola iliwekwa juu ya ile ya zamani pasipo kuiondoa, na kila nyongeza ilipunguza idadi ya watu walioweza kuwinda kihalali.

Kabla ya leseni, kuwinda wanyama wakubwa kulikuwa kazi, na faida yake ilihesabiwa kwa pembe. Wakamba katika nyika za Kenya ya leo, Wamakua pande zote mbili za mto Ruvuma na Wanyamwezi wa nyanda za kati waliwaua tembo kwa mishale ya sumu, mikuki, mitego na baadaye magobori, yaani bunduki za kushindilia baruti mdomoni, na pembe zikashushwa na misafara hadi pwani zikielekea Unguja. Katika jamii nyingi za bara mwindaji alibanwa na desturi ya kumpelekea mtemi ile pembe iliyogusa ardhi tembo alipoanguka, yeye akibaki na ya pili. Fungu hilo la mtawala laweza kuhesabiwa kuwa ada ya kwanza ya nyara katika eneo hili, ingawa lilitofautiana na ada zilizofuata kwa jambo moja la msingi, kwamba lilitolewa baada ya mnyama kupatikana, na mwindaji aliyerudi mikono mitupu hakudaiwa kitu.

Utawala wa kikoloni uliugeuza utaratibu huo ukataka malipo yatangulie. Amri iliyotolewa mwaka 1896 na Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliufanya uwindaji kuwa jambo la leseni na ikatenga maeneo ya kwanza ya hifadhi, moja likiwa katika bonde la Rufiji. Mei 1900 madola ya Ulaya yalitia saini mjini London mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa Afrika, ambao haukuanza kutumika kisheria lakini orodha zake za wanyama wa kulindwa na wa kuwindwa kwa idadi maalumu ziliigwa katika sheria za makoloni. Upande wa Waingereza, katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, mlowezi alilipa pauni 10 kwa leseni ya mwaka ilhali mwindaji aliyetoka nje alilipa pauni 50, na tembo walidai kibali cha ziada. Pauni 50 zilikuwa sawa na rupia 750, na kwa kuwa mpagazi wa wakati huo alipata takriban rupia 10 kwa mwezi, leseni ya mgeni mmoja ilikuwa karibu sawa na ujira wa mpagazi huyo wa zaidi ya miaka 6. Mwenyeji ambaye baba yake aliishi kwa upinde aliwekwa nje ya ngazi hiyo ya leseni, na kazi ya ukoo wake ikapewa jina la ujangili. Hili ni jambo ambalo vitabu vya wawindaji mashuhuri hulipita haraka sana.

Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji huo ulipata nafasi ya kuwa soko la uwindaji, na mwaka 1904 ikaanzishwa humo kampuni ya Newland & Tarlton, ambayo biashara yake ilikuwa kumpokea mgeni na kumwandalia kila kitu, kuanzia mahema hadi wapagazi. Hapo ndipo uwindaji wa kuongozwa ulipopata sura ya bidhaa inayonunuliwa kwa jumla. Msafara wa Theodore Roosevelt, aliyefika Mombasa Aprili 1909 wiki chache baada ya kuacha urais wa Marekani, unaonyesha vizuri fedha za wakati huo zilikwenda wapi. Ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, kila mmoja akibeba mzigo wa ratili 60, sawa na kilo 27, na juu yao walikuwapo wanyapara waliogawa mizigo na kusimamia nidhamu, askari wa kulinda kambi, wapishi, watumishi wa hema, wachungaji wa farasi na wabeba bunduki, ambao kazi yao ya kusimama nyuma ya bwana wakiwa na bunduki ya pili mkononi iliwataka wasikimbie hata mnyama anapowajia. Zilibebwa pia tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi, kwa sababu safari hiyo ilikusanya vielelezo kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Watu wengi kiasi hicho walihitaji posho, yaani mgao wa chakula wa kila siku, na posho yenyewe ilihitaji wapagazi wengine wa kuibeba, hivyo kila juma lililoongezwa porini liliongeza gharama kwa njia mbili. Hata rais mstaafu hakuumudu mzigo huo peke yake: wafadhili, akiwemo tajiri Andrew Carnegie, walichangia upande wa sayansi, naye akafidia sehemu yake kwa dola 50,000 alizolipwa na jarida la Scribner's kwa makala zake. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na habari zake zikawa tangazo ambalo kampuni za Nairobi zisingeweza kulilipia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza gari lilichukua nafasi ya mpagazi, na mtu angetarajia gharama zishuke. Hazikushuka, kwa sababu fedha zilizookolewa kwenye miguu ya watu zilihamia kwenye magari, petroli, barafu na vinywaji, na zaidi ya yote kwenye jina la kiongozi. Denys Finch Hatton na Bror Blixen, waliomwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza mwaka 1928, walitafutwa na matajiri kwa sifa zao kama vile fundi hodari anavyotafutwa na wenye nyumba. Ernest Hemingway, aliyeongozwa na Philip Percival katika Tanganyika na Kenya kati ya 1933 na 1934, alilipiwa na ami wa mkewe kiasi cha dola 25,000 katika miaka ambayo Wamarekani wengi hawakuwa na kazi. Mwaka 1934 viongozi hao waliunda mjini Nairobi chama cha wawindaji weledi wa Afrika Mashariki, kilichoweka masharti ya maadili na ya kujifunza kazi chini ya mkongwe, na pamoja na heshima iliyoletwa na masharti hayo, mlango wa kuingia katika kazi ukawa mwembamba na ujira wa waliokwisha kuingia ukalindwa. Waafrika waliosoma nyayo na kumfikisha mgeni mbele ya mnyama hawakupewa nafasi katika chama hicho kwa miaka mingi.

Uhuru haukuufuta mfumo huo mara moja, lakini miaka ya 1970 iliupasua. Tanzania ilisimamisha uwindaji wa kitalii mwaka 1973, ikaunda Shirika la Wanyamapori, TAWICO, mwaka 1974, na ilipoufungua tena mwaka 1978 ililikabidhi shirika hilo la umma biashara yote. Kenya, iliyokuwa imezuia kwanza uwindaji wa tembo, ilipiga marufuku uwindaji wote Mei 1977, na chama cha Nairobi kikavunjwa mwaka huohuo. Nchi iliyoizaa biashara hii ilijitoa, na wateja pamoja na viongozi wao wakahamia Tanzania, Zambia, Botswana na Sudan. Kufungwa kwa Kenya kulifanya mapori yaliyobaki wazi kuwa ya thamani zaidi, na kwanza kabisa Selous, lililotangazwa mwaka 1922 na kupewa jina la mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwaka 1917, pori la akiba ambalo eneo lake lilifikia kilomita za mraba 50,000.

Kampuni binafsi ziliporuhusiwa Tanzania katika miaka ya 1980, chombo kikuu cha kuuza ruhusa kikawa kitalu, yaani eneo lenye mipaka ambalo kampuni moja hupewa haki ya kuwapeleka wateja wake pamoja na mgawo, ambao ni idadi ya wanyama wa kila aina wanaoweza kuwindwa humo kwa mwaka. Kwa muda mrefu ada ya kitalu ilikuwa dola 7,500 kwa mwaka bila kujali kama pori lina simba wengi au lina swala wachache tu, na uamuzi wa nani apewe ulifanywa ofisini. Utaratibu huo ulikuwa zawadi kwa waliofahamiana na wenye mamlaka: baadhi ya waliopewa vitalu hawakuwa na gari wala hema, wakavikodisha kwa kampuni za kigeni kwa bei ya soko na kuweka tofauti mfukoni. Mteja aliyetoka Texas au Madrid alikuwa akilipa bei kubwa kila siku, serikali ikipata ada ndogo, na katikati palikuwa na dalali. Ni vigumu kuihesabu miaka hiyo kuwa ya uhifadhi.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuweka kikomo cha vitalu 5 kwa kampuni moja na kuzizuia kampuni za kigeni kupata zaidi ya asilimia 15 ya vitalu vyote, na kanuni zilizofuata zikagawa vitalu katika madaraja, cha juu kabisa kikilipiwa dola 60,000 kwa mwaka na cha chini dola 5,000. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kuachana na ugawaji wa ofisini, na kuanzia 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, imekuwa ikiviuza kwa mnada kwa njia ya mtandao. Gharama hizo zote humfikia mteja, na hukutana na nyingine zinazotokana na siku. Kanuni zilimtaka kwa muda mrefu anayetafuta simba au tembo anunue safari ya siku 21, hata akimpata mnyama wake siku ya tatu, na kila siku ilidaiwa malipo ya kampuni, ada ya uhifadhi na ujira wa mwindaji bingwa, ambalo ndilo jina la kiongozi mwenye leseni. Sharti la kutomwua simba dume asiyefikisha miaka 6, linalosimamiwa kwa kukagua meno na fuvu, liliongeza siku za kutafuta, kwani simba wengi huonekana na kuachwa. Hilo ni ongezeko la gharama lenye sababu njema, jambo lisiloweza kusemwa juu ya kila tozo.

Pigo lililofuata lilitoka nje. Aprili 2014 Marekani, soko kubwa kuliko yote, ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe, ujangili ukiwa umewamaliza maelfu ya tembo wa Selous. Julai 2015 kifo cha simba Cecil nchini Zimbabwe, kilichoripotiwa kumgharimu mwindaji wa Kimarekani kama dola 50,000, kilizifanya kampuni kadhaa za ndege zikatae kubeba nyara, na Januari 2016 simba nao wakaingizwa katika sheria ya Marekani ya wanyama walio hatarini. Mwaka huohuo Tanzania ilianza kutoza huduma za utalii kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Vitalu vya nyanda kame visivyo na wanyama wa kuvutia vilirudishwa serikalini, na walinzi waliokuwa wakilipwa na kampuni wakaondoka. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo hakuna uwindaji.

Kilichobaki kinagombewa. Huko Loliondo, ambako kampuni kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilipewa kitalu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgogoro kati ya uwindaji na malisho ya Wamasai umedumu kwa zaidi ya miaka 30. Mahali pengine vijiji vilivyojiunga katika Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, yaani maeneo ambayo wanakijiji wenyewe huyatenga na kuyasimamia, hupata mgao wa ada, lakini mgao huo huwafikia baada ya kupita hazina na halmashauri, na hutegemea kama mteja amekuja au hakuja. Hoja kwamba bei kubwa huwalinda wanyama ina ukweli pale tu ambapo fedha hurudi porini. Zinapokwama njiani, bei kubwa huwa kodi ya anasa.

Kuhusu mwenyeji, ngazi ya leseni iliyoanza kujengwa mwaka 1896 haijampa nafasi kubwa ya kupanda. Mwaka 2020 Tanzania ilitoa kanuni za kuuza nyamapori katika mabucha maalumu yenye leseni, na tangu hapo raia asiyemudu kitalu wala siku 21 anaweza kumla nyati kihalali kwa kununua nyama yake kwa kilo.