Dawa na Uasi: Funzo la Unyanyembe

Vijana hupenda hadithi ambamo mwasi mwenye nguvu za ajabu huinua fimbo yake, na jeshi la mdhalimu likaanguka. Hatuwalaumu, kwa kuwa sisi nasi tulilelewa kwa ngano za namna hiyo. Lakini mwalimu anapofundisha historia ya uasi katika nchi yetu, hapana budi aulize: dawa ilifanya kazi gani hasa? Sehemu ya jibu iko Itetemia, makao ya kale ya watemi wa Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora, ilikopita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watawala wageni waliyachanganya. Uchawi ni kudhuru kwa siri. Uganga ni kuponya na kukinga. Mtemi wa Kinyamwezi hakuwa mchawi. Alikuwa mlinzi wa mvua, wa mavuno na wa afya ya nchi, na ukame ulipozidi, watu walimtazama yeye na waganga wake. Dawa za utemi zilikuwa sehemu ya serikali, kama mhuri na bendera zilivyo sehemu ya serikali za leo.

Mtemi Isike alishika utawala mwaka 1876. Alidai ushuru kwa misafara, akakusanya bunduki na baruti, akajenga ngome imara. Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyetumwa na Wajerumani, alipandisha bendera yao Tabora. Isike hakuwa tayari kutawaliwa. Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia ngome yake wasiweze kuiteka. Januari 1893 Luteni Tom Prince aliivunja. Isike alipoona adui wameingia, aliwasha ghala ya baruti naye akiwa ndani, ili asikamatwe. Wakamtoa akiwa mahututi, wakamtundika mtini.

Tuyapime mambo hayo. Mtemi aliyezungukwa na dawa zote za utemi aliitetea nchi yake kwa kuta, bunduki na baruti. Hakungoja hirizi igeuze risasi. Hata hivyo, Wajerumani waliomshinda hawakuweza kuupuuza utemi. Walimkalisha kitini Nyaso, mwanamke wa ukoo huo huo, kwa kuwa walihitaji mtu ambaye wananchi wangemtii. Nguvu ya dawa, basi, ilikuwa katika utii wa watu.

Nguvu hiyo ilikuwa na mpaka. Dawa za Unyanyembe ziliishia Unyanyembe. Urambo, nchi ya Mirambo aliyefariki mwaka 1884, ilikuwa na utemi wake, na pande hizo mbili zilikuwa zimepigana miaka mingi. Isike alipozingirwa, hapakuwa na kiapo cha kuwafunga Wanyamwezi wote wasimame naye.

Kiapo cha namna hiyo kilitokea kusini, miaka kumi na miwili baadaye. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, naye hakuwabagua watu kwa kabila. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine waliinuka dhidi ya dhuluma ya mashamba ya pamba na kazi za lazima. Maji hayakuzuia risasi. Maelfu walianguka mbele ya bombomu, na wengi zaidi walikufa kwa njaa Wajerumani walipochoma vyakula na mashamba. Tusiifiche hasara hiyo kwa kuipamba dawa. Lakini pia tusiwacheke waliokunywa, kwani kabla ya Maji Maji, watu wengi kiasi hicho wa makabila mbalimbali hawakuwahi kuungana dhidi ya mkoloni mmoja.

Ndipo tunapokumbuka kwamba Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora, si mbali na ilipokuwa ngome ya Isike, wakabishana vikali juu ya kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, kisha wakatoka na uamuzi mmoja. Hawakugawiwa maji. Walifungwa na kadi ya chama na hoja iliyosikilizwa hadi mwisho. Mwanafunzi akiulizwa ni dawa gani iliyoleta uhuru, na ajibu kwamba ni ile iliyotafutwa tangu Unyanyembe hadi Ngarambe: watu kuaminiana kuvuka mipaka ya makabila yao.